Je, Wajua? Jua Likizama Nyuma ya Rwenzori

Je, wajua kwamba mgonjwa wa demensia anayezungumza vizuri saa 4 asubuhi anaweza, saa 11 jioni ya siku hiyohiyo, kukuuliza wewe mwanawe u nani na umeingiaje nyumbani kwake? Madaktari wanaijua hali hii: wasiwasi, kuzungukazunguka, hasira au machozi yanayoanza jua likielekea kuzama na kuendelea hadi usiku. Si ugonjwa wa peke yake. Ni dalili inayoandamana na ugonjwa wa kusahau, na mara nyingi ndiyo inayomchosha mlezi kuliko kusahau kwenyewe.

Mwaka 1906 ulikuwa na mambo mawili. Mwezi Juni, mwanamfalme wa Italia, Luigi Amedeo wa Abruzzi, alifika kilele cha Margherita katika milima ya Rwenzori, mita 5,109, juu ya Kasese, magharibi mwa Uganda. Mwezi Novemba, daktari Alois Alzheimer alisimama mbele ya wenzake mjini Tübingen, Ujerumani, akaeleza habari za Auguste Deter, mama aliyelazwa Frankfurt tangu 1901 akiwa na miaka 51 tu, mwenye kusahau na kuhangaika. Mpanda mlima alishangiliwa. Daktari hakuulizwa hata swali moja.

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, kuna kiini kidogo chenye seli kama 20,000. Hicho ndicho saa ya mwili: kinapokea habari za mwanga kutoka machoni na kuuambia mwili sasa ni mchana, sasa ni usiku. Kwa mgonjwa wa Alzheimer seli hizo hupungua, na melatonini, homoni ya usingizi, nayo hupungua. Mzee hafanyi makusudi. Saa yake imeharibika.

Ikweta inapita karibu na Kikorongo, kwenye barabara ya Mbarara kwenda Kasese. Faida yake kwa mlezi ni kwamba machweo hayahami. Mwaka mzima jua la Kasese huzama kati ya saa 12:47 jioni na saa 1:18 usiku, basi. London mwezi Desemba jua linazama kabla ya saa 10 alasiri, na mwezi Juni linakaa juu hadi baada ya saa 3 usiku, kwa hiyo mlezi wa kule hupanga ratiba upya kila msimu. Wewe ukishajua kwamba mama huanza kuhangaika saa 11, basi ni saa 11 Januari na saa 11 Agosti.

Lakini mlima una saa yake. Rwenzori iko magharibi ya mji wa Kasese, na kule Kilembe bonde la mto Nyamwamba limebanwa na milima huku na huku. Kivuli kinashuka wakati mbingu bado nyeupe, na baridi inakifuata. Bwera iko kwenye ncha ya kusini ya milima, uwanda wa Congo umefunguka mbele yake, hivyo mwanga unakawia. Familia mbili za wilaya moja zinaweza kuwasha taa saa tofauti na zote zikawa sahihi. Tazama kivuli cha uani kwako, usitazame simu.

Simu yenyewe pale Mpondwe, mpakani karibu na Bwera, si ya kuaminika. Bwera ikiwa saa 1 usiku, Kasindi, ng'ambo ya mto Lhubiriha, ni saa 12 jioni, kwa sababu mashariki ya Congo iko nyuma ya Uganda kwa saa moja. Simu ikidaka mtandao wa ng'ambo hujirudisha nyuma yenyewe. Kama unampa mzee dawa kwa kengele ya simu, zima ule mpangilio wa saa kujibadilisha, la sivyo kuna siku dawa ya saa 1 itatolewa saa 2.

Utusitusi wa jioni kwenye ikweta ni mfupi. Jua likishazama, dakika 20 na kidogo, giza. Taa iwashwe kabla, si baada.

Je, wajua kwamba jicho la mtu wa miaka 60 hupitisha karibu theluthi tu ya mwanga unaopita katika jicho la kijana wa miaka 20? Wewe unaona sebule ina mwanga wa kutosha, mwenzio anapapasa. Ongeza mtoto wa jicho hapo.

Dawa ya jioni huanza asubuhi, na haiuzwi. Mwaka 2008 jarida la JAMA lilichapisha utafiti kutoka Uholanzi: katika nyumba 12 za wazee, wakazi 189, baadhi waliwekewa taa kali mchana kutwa, za kufikia kipimo cha laksi 1,000. Huzuni yao ilipungua, na akili zao zilidhoofika polepole zaidi kidogo. Waliopewa vidonge vya melatonini bila mwanga huo, hali yao ya moyo iliharibika. Sasa fikiria: Waholanzi walinunua taa. Jua la Kasese saa 5 asubuhi linazidi zile taa mara kadhaa hata ukiwa umekaa chini ya mwembe. Benchi moja nje ya mlango, kofia, kikombe cha maji, saa moja au mbili, na kazi imefanyika. Ajabu ni kwamba familia nyingi, kwa kumheshimu mzee, humwacha chumbani mchana kutwa apumzike. Anapumzika hadi saa 11, kisha anaamka na nguvu zake zote.

Usingizi wa mchana usikatazwe, upimwe. Nusu saa hivi baada ya chakula, na usivuke saa 9.

Kafeini hupungua nusu tu kwa muda wa saa 5 hivi. Kikombe cha saa 11 jioni, nusu yake bado imo mwilini saa 4 usiku. Katika wilaya inayolima kahawa aina ya arabika kwenye miteremko ya mlima, shauri hili halipendwi, najua. Mpe asubuhi. Jioni apewe uji au maziwa ya vuguvugu. Pombe nayo, hata ile "kidogo ya kumlaza", humlaza kwa muda mfupi kisha humwamsha amevurugika zaidi.

Saa 11 jioni ni saa ya kazi, na mwili unakumbuka. Kijijini hiyo ni saa ya kurudisha mbuzi, kufungia kuku, kuchota maji, kukoka moto, kuhesabu watoto. Kwa wafugaji Wasongora ni saa ya ng'ombe kurudi. Mama aliyefanya hayo miaka 50 hawezi kukaa kwenye kiti cha plastiki akitazama ukuta wakati mwili wote unamwambia kuna jambo halijafanywa. Mpe kazi ya kweli. Kahawa ya kuchambua kwenye ungo ni nzuri mno: punje mbovu kushoto, nzima kulia, mikono inajua njia hata kichwa kikipotea. Maharage nayo yafaa. Akichanganya mbovu na nzima, nyamaza, utachambua upya akishalala.

Na baba aliyechimba shaba Kilembe? Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ile, na mgodi ulikuwa na zamu za mchana na usiku. Akiamka saa 8 usiku anatafuta kofia na buti, hana wazimu, anachelewa kazini. "Leo ni zamu ya wengine, mzee. Wewe ni kesho." Kuna wanaosema huo ni uongo, na mtoto mwema hamdanganyi baba yake. Mimi naona kumwambia mara 6 kwa usiku mmoja kwamba mgodi umefungwa na wenzake wamekufa ndiko kumkosea adabu. Kila mara anasikia msiba upya.

Sentensi inayosikika zaidi jioni ni hii: "Nataka kwenda nyumbani." Husemwa hata na mtu aliyezaliwa katika nyumba hiyohiyo. Tuseme mama yuko mlangoni, Bwera, amefunga kitenge: ndani mna sufuria ndogo, rozari, na kandambili ya mguu mmoja. Ukimwambia, "Mama, hapa ndipo nyumbani, umekaa hapa miaka 40," umeanzisha kesi, na utashindwa. Anachotafuta mara nyingi ni utulivu, au watu waliomlea. Jaribu hivi:

"Nyumbani kuna nani saa hizi, mama?"

"Mama yangu ananingoja na kuni."

"Basi nikusindikize, kunaingia giza."

Mshike mkono, pokea furushi, zungukeni migomba, mwache asimulie kuni zilivyokuwa zikipatikana, kisha rudini kwa mlango mwingine, na aliyebaki ndani aseme: "Karibu mama, pole na safari, maji ya kunawa haya hapa." Hufanya kazi mara nyingi, si kila siku. Siku isipofanya kazi, zungukeni tena.

Je, wajua kwamba kumbukumbu za zamani hudumu kuliko za jana? Mfaransa Théodule Ribot aliliandika hilo mwaka 1881. Huku Rwenzori jambo hilo lina uzito wake. Mzee wa miaka 80 leo alikuwa kijana mwaka 1962, harakati za Rwenzururu zilipotangaza kujitenga na ufalme wa Toro na watu wakaingia milimani. Akiwa mtu mzima, Novemba 1996, waasi wa ADF walivamia Mpondwe. Juni 2023 shule ya sekondari ya Lhubiriha ilishambuliwa usiku na wanafunzi wakauawa. Kwa hiyo bibi akinong'ona, "Zimeni taa, wanakuja," hajabuni kitu. Hajui tu ni mwaka gani. Usibishane naye kuhusu vita. Sema: "Mlango nimefunga, bibi. Watoto wote wamo ndani." Kisha wahesabu kwa sauti, mmoja mmoja kwa jina. Na redio inayosoma habari za mapigano ya Beni, ng'ambo ya mpaka, saa 1 usiku izimwe, au isikilizwe jikoni kwa sauti ndogo. Masikio yake hayatofautishi tena kati ya tangazo na mlango wa mbele.

Mvua pia. Nyamwamba ilifurika Mei 2013, ikafurika tena Mei 2020 na kuiharibu vibaya hospitali ya Kilembe. Mzee wa bonde lile akisikia maji usiku atataka kutoka. Kaa naye mpaka mvua ipungue.

Wakonzo, wenyeji wa milima hii, huwapa watoto majina kwa mpangilio wa kuzaliwa: binti wa kwanza ni Masika, mvulana wa pili ni Bwambale. Ukoo mmoja unaweza kuwa na kina Masika watano wa vizazi vitatu. Bibi akikuita Masika nawe ndiwe Masika, usifurahi upesi. Huenda anamwita dada yake wa mwaka 1955. Muulize habari za mtoni, utajua.

Lugha aliyojifunza ukubwani mara nyingi hutangulia kupotea. Mtu aliyepiga bei kwa Kiswahili sokoni Mpondwe na kusali kwa Kiingereza anaweza, giza likiingia, kubaki na Kikonzo peke yake. Binti wa kazi aliyetoka mbali afundishwe maneno 10 ya Kikonzo kabla hajafundishwa jikoni. Aanze na "wasingya", asante.

Watoto walioko Kampala hupiga simu saa 1 usiku, wakishatoka kazini. Simu inawekwa sikioni kwa mama, na sauti inauliza: "Unanijua mimi ni nani?" Huo ni mtihani, tena kwa saa mbaya kuliko zote. Pigeni saa 3 asubuhi. Jitajeni jina kwanza.

Taa ikiwekwa chini, kivuli cha mtu kinapanda ukutani kikubwa kuliko mtu. Kibatari ni kibaya zaidi maana ndimi za moto hucheza na vivuli hucheza nazo, na koti lililotundikwa msumarini linakuwa mwanamume amesimama. Taa ya sola itundikwe juu, nyuma ya mzee, koti liondoke, kioo kifunikwe. Dirisha la vioo livutiwe pazia mapema, kabla halijaanza kumwonyesha uso asioujua.

Choo cha shimo kiko nje, na safari ya gizani ndiyo inayovunja nyonga. Mpeleke kabla jua halijazama, kisha weka ndoo yenye mfuniko karibu na kitanda, ya rangi inayoonekana vizuri dhidi ya sakafu. Wengi "wanaohangaika" usiku wanatafuta tu mahali pa kukojoa na wameona aibu kusema.

Usimfungie mtu peke yake ndani ya nyumba yenye sigiri au kibatari, hata kwa dakika chache. Tundika makopo mlangoni yagongane akiufungua. Mwenyekiti wa kijiji (LC1) ajue, na vijana wa boda pale steji wajue zaidi, kwa sababu wao ndio wanaokuwa macho saa 5 usiku. Namba ya simu ishonwe kwenye upindo wa nguo. Bwera kuna mto, na ng'ambo ya mto kuna nchi nyingine. Katwe na Kahendero kuna viboko, ambao hutoka ziwani kula majani saa hizohizo mzee anazotaka kutoka.

Mabadiliko ya ghafla si demensia. Ugonjwa wa kusahau hutambaa kwa miezi na miaka. Mtu aliyekuwa na nafuu Jumapili akawa hamtambui mtu Jumanne ana jambo jingine: malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, upungufu wa maji, choo kigumu, au dawa mpya. Huenda hana hata homa, maana wazee wengi huugua bila kuchemka. Huyo apimwe siku hiyohiyo, hospitali ya Bwera, ya Kagando au kituo kilicho karibu, na damu ipimwe malaria kabla mtu hajataja laana.

Laana, kurogwa, mizimu: maneno hayo bado yanatajwa, na anayeumia ni bikizee mjane. Ugonjwa huu ni wa ubongo.

Norwei, mwaka 2011, watafiti waliwatibu maumivu wagonjwa wa demensia waliokuwa wakihangaika, wengi wao kwa paracetamol tu, kwa utaratibu na kwa vipimo sahihi. Baada ya wiki 8 mahangaiko yalikuwa yamepungua kwa asilimia 17 kuliko kwa wenzao. Goti linauma, jino linauma, na hana tena njia ya kusema isipokuwa kupiga kelele. Mtazame akiinuka, mtazame akitafuna.

Ile klofeniramini, ambayo kila mtu anaiita Piriton na kuinunua dukani bila swali ili mzee alale, imo katika orodha ya Beers, inayotumiwa Marekani tangu 1991 kutaja dawa za kuepukwa na wazee. Humchanganya zaidi, humkausha mdomo na kumfungia mkojo. Diazepamu humwangusha. Dawa kali za akili kama haloperidoli huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye demensia. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo mwaka 2005 kwa dawa mpya za kundi hilo na 2008 ikaongeza za zamani. Kwa mgonjwa wa demensia ya Lewy, yule anayeona watu au wanyama wasiokuwepo na kutetemeka, haloperidoli inaweza kumkakamaza mwili mzima. Zina mahali pake, kwa uamuzi wa daktari, dozi ndogo, muda mfupi. Mahali pake si mkoba wa jirani.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria wagonjwa wa demensia kuwa milioni 57 mwaka 2021, zaidi ya asilimia 60 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wilayani Hai, Tanzania, wazee karibu 1,200 wa miaka 70 na zaidi walipimwa katika vijiji 6, na asilimia 6.4 wakakutwa nayo. Hukohuko Hai kilitengenezwa kipimo kifupi kiitwacho IDEA kwa ajili ya wazee wasiojua kusoma: taja wanyama kwa dakika moja, kumbuka maneno, panga njiti za kiberiti kama nilivyozipanga. Hakihitaji kalamu.

Shirika hilohilo linasema asilimia 70 ya saa za kuwahudumia wagonjwa hawa hutolewa na wanawake. Kina kaka, sentensi hiyo isomeni mara mbili, kisha gawaneni usiku kwa zamu. Mlezi asiyelala siku tatu hukaripia, na mgonjwa asiyeelewa maneno huelewa vizuri sana karipio.

Serikali ya Uganda huwapa wazee waliotimiza miaka 80 shilingi 25,000 kwa mwezi. Siku ya kuzipokea, pigania kufika asubuhi. Kliniki vilevile. Ila asubuhi ina mtego wake: mama atamwamkia daktari vizuri, atataja watoto wake wote, atacheka, na wewe utaonekana mwongo. Kwa hiyo jioni ya kabla ya kwenda, saa 12 na nusu, mrekodi kwa simu dakika mbili, bila mwanga wa kumpiga usoni na bila kuwaonyesha majirani. Andika na saa ilipoanza, alichokula, mara ya mwisho alipokwenda choo, na kila kidonge alichomeza, ukianza na kile mlichonunua dukani.